Kanda Iliyoandikwa Hoki

Alhamisi, Winnipeg, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
nasi sita tumebanana sebuleni kwa Lucien,
buti zetu zikivuja theluji juu ya gazeti la juzi.
Wamekitengeneza upya kipindi chetu.
Wendell hulitamka hilo "chetu"
kama mtu anayetaja shamba la urithi
lililouzwa na binamu.

Dakika ya nne, ameshaanza:
Mbona wote wana meno?
Mbona baa ina madirisha?
Ya kwetu ilikuwa na mlango mmoja, wa chuma,
nyuma ya duka la dobi,
na kabla hujaingia ulitazama barabara mara mbili.
Hawa wanakunywa maji ya matango mchana kweupe!
Kipya kinyemi, anasema, ingawa kidonda.
Kisha anajimiminia tena.

Tamsin ana miaka ishirini na mitatu.
Kiti chake cha magurudumu kimeziba njia ya jikoni
na hakisogezi, kwa kuwa kwenye skrini
yuko msichana mwenye kiti kama hicho
anayemsaliti mpenzi wake, anamlaumu kwa kusalitiwa,
kisha anamtaka tena.
"Ana roho mbaya," Tamsin anasema,
uso umemchanua.
"Hatimaye, mwenzangu ana roho mbaya."

Devinder anauliza nani atakufa.
Katika ile ya kwanza, kufikia sehemu ya pili
tulikuwa tumeshazika mmoja.
Hakuna anayemjibu.
Bakuli la bisi linapita mkono kwa mkono
na kila mmoja analishika kidogo kuliko inavyohitajika.

Mimi naikumbuka kanda.
Nilirekodi usiku wa manane, sauti nimeiua kabisa,
nikawa nasoma midomo.
Ubavuni nikaandika kwa kalamu nene: HOKI, FAINALI.
Sikufikiri vizuri.
Mama yangu, binti wa Waukraine wa mtaa wa kaskazini,
hakuna aliyempita kwa hoki.
Jumapili moja nilitoka kazini nikamkuta,
sweta nusu mapajani, sindano zimesimama,
na kwenye runinga wanaume wawili
wanaagana stesheni kwa namna ambayo ndugu hawaagani.
Hakugeuka.
"Huyu mrefu," akauliza, "atarudi?"
Nikasema, sehemu ya tisa.
"Basi usinimalizie."
Hatukulizungumza tena, mpaka anakufa.
Lakini kila nilipoitoa ile kanda kabatini
niliikuta imerudishwa mwanzo.

Sasa hawa wapya wako dukani, wanachagua godoro.
Wanalilalia na viatu, wanabishana kuhusu ugumu wake,
mmoja anamtekenya mwenziwe.
Muuzaji anapiga miayo. Mama mmoja anapita na mito.
Basi. Tukio limekwisha.

"Drama iko wapi?" Wendell anafoka.
"Enzi zetu hapo ngumi ingetua!"

Lucien, ambaye hajasema neno tangu supu,
anavua miwani.
"Hakuna aliyegeuka," anasema.
Mwaka themanini na nane, yeye na Gilles walienda kununua godoro,
wakajiita mabinamu,
na muuzaji, mtu mwema, wala hakuwadhihaki,
akawauzia mawili, ya mtu mmoja mmoja.
Waliyasukuma yakutane.
Miaka sita, hadi Gilles anaondoka,
Lucien alilala juu ya ufa.

Devinder anatafuta kitu chini ya kochi.
Tamsin anamshika Lucien kifundo cha mkono,
si kiganja, kifundo, kama anayepima mapigo.

Majina yanapanda kwenye skrini, madogo, ya haraka,
na mashine inauliza kama tunaendelea.
Rimoti anayo Wendell.
Anaitazama, anatutazama.
"Nataka tu kuona," anasema,
"kama wataniharibia na ile stesheni."
Anabonyeza.

Mrefu wao ni mfupi.
Ana sanduku jekundu, haieleweki anakwenda wapi,
na Tamsin, ambaye ameshasoma kila kitu, anafungua mdomo.

Usinimalizie, namwambia.